Inveta ndogo ya "ampea 250": rodi inagandia, tyubu inatoboka. Mashine ni ya uongo au kosa ni langu?

#1 · TyubuYaInchi
Wadau, salamu. Nimechukua inveta ndogo ya kuchomelea chuma, ya kubeba begani, ya rodi pekee, haina gesi wala waya. Ubavuni imeandikwa 250. Kazi ni fremu ya meza: tyubu ya mraba ya inchi moja, geji 16. Rodi ni za aina ya 6013, geji 10. Stima natoa sebuleni kwa ekstensheni ya mita 30, plagi ya kawaida ya pini tatu.

Nikiweka 80, rodi inagandia mara tatu kati ya nne. Nikiweka 120 inawaka vizuri sekunde mbili, halafu tyubu inatoboka shimo la kupitisha kidole. Plagi nayo imeanza kugeuka kahawia upande wa fyuzi. Nitajieni kitu kimoja cha kuanza nacho.

#2 · GejiKumiNaMbili
Rodi. Geji 10 ni milimita 3.2, na ukuta wa hiyo tyubu ni 1.6. Unapaka rangi dirisha kwa ufagio.

Kanuni ya haraka ni ampea 30 hadi 40 kwa kila milimita ya rodi. 3.2 inataka kati ya 95 na 130. Kwa hivyo 80 haiitoshi rodi, na 120 inaitosha rodi lakini chuma hakiwezi kuistahimili. Katikati hapo hakuna pa kusimama. Tafuta geji 12, yaani 2.5, uanze na 60 au 65 kwa sababu chuma ni chembamba. Ukipata geji 14, yaani 2.0, weka 45. Na kumbuka namba ya geji ikipanda kitu kinakuwa chembamba, iwe ni rodi au ni bati. Kuna watu wameambiwa "chukua namba ndogo" wakarudi nyumbani na rodi nene.

#3 · HesabuKwanza
Rodi ni sehemu tu. 250 hiyo ni stika.

Volti za moto wa rodi hukadiriwa hivi: 20 jumlisha ampea mara 0.04. Kwa ampea 250 ni volti 30, yaani wati 7,500 zinazotoka. Mashine ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, inahitaji kama wati 8,800 kuingia. Gawa kwa 240 upate ampea 37 ukutani, na hapo sijagusa hasara inayoletwa na inveta za bei ya chini kuvuta stima kwa mapigo. Plagi yako ni ya ampea 13. Mashine inayouzwa na plagi ya 13 haiwezi kutoa 250, hata ukiiombea.

Sasa tazama 80 halisi. Volti 23.2 mara 80 ni wati 1,856. Gawa kwa 0.85, unapata karibu 2,200. Mapigo yakihesabiwa, ukutani unavuta kama ampea 13. Hapo ndipo mwisho wa plagi yako. Ukienda 120 unaichoma, na ndiyo maana imekuwa kahawia.

#4 · StimaYaPloti
#3 hesabu ni nzuri, ila fyuzi ya 13 haikatiki ukigusa 14. Inaweza kubeba hata 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: fyuzi inavumilia, plagi inaiva. Rangi ya kahawia upande wa fyuzi mara nyingi ni vishikio vya fyuzi vilivyolegea au skrubu ya waya isiyokazwa. Fungua, kaza, ukiona plastiki imelainika tupa yote. Usibadilishe plagi pekee, tazama soketi pia, kwa sababu plagi iliyoungua huacha soketi imelegea, na soketi iliyolegea huchoma plagi mpya.

Mwenye nia ya kuendelea, aite fundi wa stima amwekee soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 32, laini yake peke yake kutoka kwenye boksi ya breka, kebo ya milimita 6 za mraba, breka ya 32 aina C. Aina B inaweza kuanguka wakati wa kuwasha, kwa sababu kapasita za inveta hujaa kwa mkupuo.

#5 · MamaGrainda
Mnazunguka mbali. Mita 30 za ekstensheni! Hakuna aliyeuliza kebo ni nene kiasi gani.

Kebo ya shaba ya milimita 1.0 za mraba ina omu 18.1 kwa kilomita. Umeme unaenda na kurudi, kwa hivyo mita 30 ni mita 60: omu 1.09. Ukivuta ampea 15 unapoteza volti 16 njiani. Ya 1.5 inapoteza 11 hivi, ya 2.5 karibu 7. Hiyo ni shaba safi. Zile zinazouzwa rahisi ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, hasara ni kubwa kuliko hiyo. Na kama imebaki imeviringwa kwenye kigurudumu chake, inajipasha moto yenyewe. Ifungue yote, itandaze.

#6 · HesabuKwanza
@MamaGrainda dada, inveta si transfoma ya kusongwa kwa mkono ya jua kali. Transfoma ikipata volti 220 badala ya 240, moto unapungua moja kwa moja. Inveta ina saketi inayorekebisha, inavuta ampea zaidi ukutani ili itoe zilezile kwenye rodi. Volti 16 hazigandishi rodi. Ingekuwa imeshuka chini ya 190 hapo ningekubali.

#7 · MamaGrainda
Na jioni mtaa mzima ukiwasha shawa za moto, soketi yake ina ngapi? Akianza na 208 halafu atoe 16, hiyo 190 yako imebaki wapi? Apime mwisho wa ekstensheni, rodi ikiwa inawaka, si mashine ikiwa imetulia. Mashine ikiwa haivuti kitu kila ekstensheni inasoma vizuri.

#8 · KlampuMoto
Mnabishania ukuta na hakuna aliyeuliza klampu ya ethi, ile inayobana chuma unachochomelea.

Klampu inayokuja na mashine hizi ni bati lililokunjwa, springi dhaifu, na kebo nyembamba. Halafu tyubu ya dukani ina mafuta ya kiwandani au imepakwa oksaidi nyekundu. Ukibana juu ya rangi unaweza kupata omu 0.05 hapo tu. Ampea 80 mara 0.05 ni volti 4 zimepotea, na wati 320 za joto kwenye klampu. Moto wa rodi wenyewe unahitaji volti 23 tu, kwa hivyo 4 si kidogo. Huo ndio upande wa kuogopa kupoteza volti, si upande wa 240.

Jaribio ni rahisi: choma rodi moja nzima, kisha kwa tahadhari sogeza mkono karibu na klampu. Ikiwa moto, shida iko hapo. Saga rangi hadi chuma king'ae, nafasi ya vidole viwili, na klampu iwe karibu na unapochomelea. Zungusha pia zile plagi za mbele ya mashine mpaka zijifunge, zikilegea zinaungua na kuyeyusha uso wa mashine.

#9 · RodiKavu
Rodi zilinunuliwa pakiti iliyofungwa au za kuhesabu kutoka boksi lililo wazi dukani? Baridi ya Julai na mvua za Aprili zinaingia kwenye unga wa rodi. Dalili: inatoa mvuke mwanzoni, moto unarukaruka, weldi inabaki na vitundu kama maandazi. Angalia ncha pia. Unga ukiwa umebanduka sentimita moja, chuma kitupu kinagusa chuma kitupu na lazima kigandie. Kata hicho kipande au kichome kwenye chuma taka kwanza.

6013 ikinyonya unyevu, joto la nyuzi 100 hivi kwa saa moja linatosha. Rodi ya aina ya 7018 ni habari nyingine, inataka 300 na zaidi, na kuianika juani juu ya mabati ni kujifariji.

#10 · GejiKumiNaMbili
#9 kweli, ila 6013 huvumilia unyevu kiasi. Rodi ya unyevu haielezi kwa nini 120 inatoboa. Geji 10 inaeleza yote mawili.

#11 · Kinyumenyume
Ameunganisha rodi upande gani, chanya au hasi? Mashine hizi zina matundu mawili na watu huchomeka linaloingia. Kwa tyubu nyembamba na 6013, weka rodi kwenye hasi, klampu kwenye chanya. Joto la chini linapungua, hutoboi.

#12 · TaaYaBluu
Sababu uliyotoa iko kinyume, mkubwa. Kwenye moto wa umeme joto kubwa liko upande wa chanya. Ukiweka klampu kwenye chanya, tyubu ndiyo chanya, kwa hivyo tyubu ndiyo inapata joto zaidi.

#13 · Kinyumenyume
Hiyo ni kweli kwa kuchomelea na ncha ya tangsteni. Kwa rodi yenye unga mambo yanageuka. Rodi ikiwa hasi inayeyuka haraka na kuzama kidogo, ikiwa chanya inazama zaidi. 7018 na 6010 huwekwa chanya kwa sababu hiyo. Chukua vipande viwili vya tyubu, choma kila kimoja kwa njia yake, kata katikati kwa grainda, tazama upande wa ndani.

#14 · TaaYaBluu
Matokeo nayakubali, maelezo siyakubali. Kuyeyuka haraka kwa rodi ndiko kunakupa hisia kwamba imezama kidogo: chuma kinarundikana juu kabla hakijapata muda wa kuzama. Unga wenyewe una titania na potasiamu, na hivyo ndivyo vinavyoamua moto unakaaje.

#15 · MsomajiTu
Wazee, mnasoma fizikia na jamaa bado ana meza isiyo na miguu 😂

#16 · MkonoMwepesi
Haya, upande wa mkono, maana mashine inasingiziwa mengi.

Usidonoe chini kama kuku. Kwaruza kama kiberiti, mwendo wa sentimita mbili, moto ukiwaka inua kidogo. Umbali kati ya ncha na chuma uwe sawa na unene wa chuma cha ndani cha rodi: kwa 2.5, milimita 2.5. Anayeanza huogopa, anainua hadi 6 au 7, moto unarefuka, volti zinapanda, unarusha cheche, unazimika. Anashtuka, anashuka kwa nguvu, inagandia. Rodi iliname nyuzi 10 hadi 15 kuelekea unakokwenda mkono, na uivute, usiisukume, la sivyo gamba (unga wa rodi ulioyeyuka) linatangulia na kufunikwa ndani.

Ikigandia, pindua mkono upande mara moja. Ikikataa, achia kishikio cha rodi. Usivue helmeti kwanza, kwa sababu inapoachia inaweza kuwaka usoni.

Kwa tyubu ya inchi moja: kata mraba kamili pasiwe na mwanya, kwa sababu mwanya wa milimita moja kwenye geji 16 ni shimo linalokungoja. Shikiza kwa nukta nne pembeni, zinazotazamana. Kisha choma upande mmoja, ruka wa pili uliokabiliana nao, subiri wekundu uishe kabla ya kurudi. Chomelea kutoka juu kwenda chini kama ni fremu ya meza au dirisha. Kwa kitu kinachobeba mzigo mkubwa usifanye hivyo, gamba linashuka pamoja na chuma na weldi haizami.

Tundu likitokea, usiendelee kumimina. Acha lipoe, punguza ampea 10, jaza kwa nukta fupifupi kuanzia kingo.

#17 · ZinkiNaMaziwa
Nitoke kidogo nje ya mada. Akihamia tyubu za mabati yaliyopakwa zinki, anywe maziwa kabla, si ndiyo? Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, hufanya hivyo.

#18 · StimaYaPloti
Maziwa hayafiki mapafuni. Moshi mweupe wa zinki unaingia kwa pumzi, na saa kadhaa baadaye unapata homa, baridi ya mwili, kiu, ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo maziwa yanapopewa sifa yasiyostahili. Saga zinki sentimita 3 kila upande wa kiungo, fanyia kazi nje, simama upepo ukitoka ubavuni. Na usisafishe chuma kwa spreya ya breki yenye klorini halafu uchomelee. Mwanga wa rodi na joto hugeuza mvuke wake kuwa fosjini, gesi ya sumu, hiyo haina utani.

#19 · ZinkiNaMaziwa
Wanaoyanywa miaka yote wako wazima lakini.

#20 · MamaGrainda
Hata wasioyanywa. Tuendelee. @TyubuYaInchi una helmeti au miwani ya jua?

#21 · TyubuYaInchi
Helmeti ya kujizima yenyewe (kioo kinakuwa cheusi moto ukiwaka), iliyokuja na mashine. Shukrani kwa wote. Majibu: kebo imeandikwa 3×1.0. Rodi zilikuwa za kuhesabu. Rodi ilikuwa kwenye chanya. Klampu nilibana juu ya rangi nyekundu, na ndiyo, ilikuwa moto.

#22 · TaaYaBluu
Giza la kioo cha helmeti liwe namba 10 kwa ampea hizo. Ijaribu kabla ya kila kazi kwa kuwasha kiberiti cha gesi mbele ya vitambuzi vyake, na usivifunike kwa mkono au kwa tyubu, la sivyo haizimi. Kioo chake huchuja miale mibaya hata kisipozima, lakini mwanga mkali unabaki mateso. Macho yakichomwa huhisi saa kadhaa baadaye, usiku, kama mchanga umeingia. Usijitibu kwa viazi, nenda kliniki.

#23 · LandilodiMpole
Mimi ni mwenye nyumba, nauliza tu: hii inamaliza tokeni kiasi gani? Mpangaji wangu anasema ni kidogo.

#24 · HesabuKwanza
Ni mkweli. Wati 2,200 moto ukiwa unawaka, na kwa saa moja ya kazi ya anayeanza moto unawaka labda dakika 20. Muda mwingine ni kukata, kupima na kugonga gamba. Hiyo ni takriban 0.73 ya yuniti. Shawa ya moto ya kilowati 5 kwa dakika 10 ni 0.83. Mkataze kuoga kwanza.

#25 · TyubuYaInchi
Ripoti. Asubuhi: rodi geji 12 pakiti mpya, nimesaga rangi, klampu sentimita 20 kutoka kwenye kiungo, rodi kwenye hasi, ekstensheni ya mita 10 ya 2.5, ampea 65. Inawaka mara ya kwanza. Viungo sita, tundu moja.

#26 · GejiKumiNaMbili
Nilisema #2.

#27 · KlampuMoto
Nilisema #8. Klampu moto mwenyewe ameikubali.

#28 · Kinyumenyume
Hasi.

#29 · MsomajiTu
Amebadilisha vitu vitano kwa pamoja, kila mmoja anachukua kombe. Hata wa rodi kavu anasubiri lake.

#30 · RodiKavu
Silisubiri, ninalo tayari. Pakiti mpya.

#31 · MkonoMwepesi
Basi rudisha kimoja kimoja. Acha geji 12 na 65, rudisha ile kebo ya 1.0 peke yake, choma rodi tatu, andika zimegandia mara ngapi. Kisha irudishe ya 2.5, bana klampu juu ya rangi, rodi tatu. Hivyohivyo kwa hasi na chanya. Tumia vipande vya taka vya geji ileile, na uanze kila mara chuma kikiwa kimepoa.

#32 · TyubuYaInchi
Nimefanya mbili. Kebo ya 1.0 asubuhi, soketi ikisoma 238: haijagandia hata mara moja. Kebo hiyohiyo saa moja na nusu usiku, mwisho wa ekstensheni ukisoma 193 rodi ikiwaka: imegandia mara mbili kwa rodi tatu. Nikajaribu kupima ampea za kwenye rodi kwa mita ya kubana kebo, inasoma sifuri. Mashine imekufa na bado inachomelea?

#33 · MamaGrainda
193! @HesabuKwanza uko wapi?

#34 · HesabuKwanza
Nipo. 193 bado ni juu ya 190 😀 Ila nakubali mashine hii inaanza kulegea mapema kuliko nilivyodhani. Labda kapasita zake ni ndogo. Na usiku mkono umechoka pia.

Kuhusu sifuri: mita yako ni ya AC pekee, umeme unaogeuka mwelekeo kila mara. Kinachotoka kwenye inveta ni DC, na koili ya kawaida haioni umeme usiobadilika. Tafuta ya kubana iliyoandikwa A yenye mstari ulionyooka na vitone chini yake. Soma sekunde ya tatu, si ya kwanza, kwa sababu mashine nyingi hupandisha ampea wakati wa kuwasha ili rodi isigandie.

#35 · StimaYaPloti
Na grainda unaifanyia kazi wapi? Kama iko karibu na mashine, feni inanyonya unga wa chuma hadi kwenye bodi, na unga huo unapitisha umeme. Weka mashine mita mbili au tatu upande upepo unakotoka. Feni ikizunguka na taa ya njano ikawaka, hiyo ni joto, iache ikiwa imewashwa ijipoze. Ukizima unaizima na feni.

#36 · KlampuMoto
Bado hajarudisha klampu juu ya rangi. Kesho, rodi tatu, mchana, kebo nene. Nasubiri.